Gundi na Taya la Pangoni

Kazini walimwita Gundi, na jina likamkaa. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiunga mifupa na vigae vilivyofukuliwa kwenye mapango ya ufukweni, vya watu walioishi kabla mtu hajajua kulima. Ila alikuwa na tabia moja: meza yake haiguswi.

Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalegea. Aliporudi makumbusho, mkuu wa idara alimpokea kwa upole uliomtia baridi.

“Mama, nimekutafutia nafasi mapokezi. Utakaa tu, usalimie wageni.”

“Mimi na kusalimia wageni wapi na wapi? Nipe leo tu. Nikishindwa, nitaenda kutabasamu huko mlangoni.”

Mezani palikuwa na taya la mtoto, limekatika vipande. Gundi akasimamisha kipande kimoja kwenye trei ya mchanga, akakipaka gundi ukingoni, akainua cha pili kwa mkono wa kushoto. Mkono ukayumba. Kipande kikamponyoka, kikadondokea sponji. Hakikuvunjika, lakini yeye hakukiokota.

Mpiga picha wa idara, mtani wake wa siku nyingi, akakohoa kutoka upande wa pili wa chumba.

“Shemeji, nisogee, au ile amri bado ipo?”

“Zamani ungesogea ningekukata miguu.”

“Ndiyo maana bado ninayo.”

Kujifunza upya kushika kijiko kulimtoa jasho, lakini kumwomba mtu mkono kulikuwa kuzito zaidi. Akalitazama taya. Chini ya meno ya utoto, jino la ukubwani lilikuwa limeanza kuchungulia.

“Njoo. Shika hapa, usibane. Na usihemee mfupa wangu kama ng’ombe.”

Mpiga picha akashika, Gundi akageuza kidogo kidogo kwa vidole vya kushoto, mpaka kingo zikaumana.

“Kimeingia?”

“Kimeingia. Usiachie!”

Mkuu alipokuja aliwakuta vichwa vimegusana, hakuna anayethubutu kugeuka. Akainama, akatazama kiungo kwa muda mrefu. Akatoa simu, akawaambia watu wa mapokezi watafute mtu mwingine.

“Shemeji,” mpiga picha akanong’ona, “pua inaniwasha.”

“Vumilia,” Gundi akasema. “Tukimaliza hiki kuna vingine saba.”