Sirudi, Wao Wakasikia Udi

Ujanani Thani aliimba "Sirudi", na mpaka leo hajatoka. Wimbo aliutunga ndani ya gereji ya baba yake, mtaa wa Wadi Kabir mjini Maskati, yeye na wenzake watatu, magitaa ya umeme yakipiga kelele hata majirani wakagonga mabati. Maana yake haikuwa na mafumbo: nikiondoka kwenye grisi hii, sirudi. Kaseti ikaenea Maskati nzima kwa watu wa asili ya Unguja. Wimbo wa pili haukupata msikilizaji. Kisha baba akafariki, na Thani akarudi gerejini, na yumo.

Grisi aliizoea. Lililomkera ni vijana waliozaliwa huku, na Kiswahili chao cha kuokoteza, kusikia "udi, udi" badala ya "sirudi, sirudi". Wimbo ukafanywa wa kufukizia wageni, na mgeni akishafukizwa udi hakai tena. Basi wa kufukiza ukawa wa kufukuza. Hakuna harusi ya jamaa asiyoitwa Thani, tena mwishoni, chetezo kikizunguka, akaiimbia migongo ya watu wanaotafuta viatu.

Ruba, binti yake wa pekee, alipoolewa na kijana anayeishi Kanada, Thani alimtungia wimbo mpya. Alitaka kusikilizwa mara moja tu, na mtu mmoja tu. Akamwomba dada yake Muhsina, mwenye chetezo, asubiri mpaka amalize. Muhsina akakubali.

Mazoea yana tabu. Jioni ile ya harusi, bustanini Qurum, Thani alipoanza tu kukaza nyuzi za gitaa, Muhsina, aliyekuwa kwenye mazungumzo, akatia udi kwenye makaa bila kufikiri. Harufu ikatambaa. Watu wakainuka, wakaagana, na ubeti wa kwanza ukamezwa na viti vinavyosogezwa. Thani aliona haya, akaona na hasira. Vidole vikamrudisha kwenye ule ule wa zamani.

Ruba akaja kumbusu mkono.

"Baba, nnakwenda. Niwie radhi, sikukusikia vizuri."

"Hapana kitu, mwanangu. Nenda na kheri."

Gari likatoka langoni polepole, kioo kimeshushwa, Ruba akiitikia wimbo wa baba yake. Wote bustanini walikuwa wakisema udi. Yeye peke yake alilitamka neno sawasawa: sirudi, sirudi.

Miaka yote hiyo Thani alililia neno lake litamkwe. Pale langoni alitamani mwanawe naye akosee.