Miti ya Goji na Mkono wa Mama

Miti yangu ya goji, tunda dogo la Kichina, iko nyuma ya nyumba, pale kivuli cha ukuta kinapokwisha na jua kuanza kupiga bila kizuizi. Ni miti mifupi, yenye matawi membamba yanayoinama hadi chini na miiba inayojificha kwenye majani. Asiyeijua hudhani ni kichaka kilichosahauliwa. Mimi ndiye niliyeileta, na sijasikia mtu mwingine aliyeipanda Tabora kabla yangu.

Nalisema hili wazi kwa sababu sikupewa kitu na mtu. Sikuwa na mjomba serikalini wala shangazi mwenye duka. Nilianza kwa kuuza asali na karanga kwenye madirisha ya treni, nikikimbia na behewa mpaka abiria anirushie hela yangu. Kutoka hapo nilifika China, nikasoma kilimo cha bustani katika eneo kame la kaskazini-magharibi, huku nikiosha vyombo vya watu ili nilipe karo. Nilirudi na stashahada. Nimeiweka kwenye fremu sebuleni, juu ya televisheni, na kila anayeingia huiona kabla ya kuniona mimi. Ndivyo nilivyotaka.

Mtu mmoja tu hakuiona. Niliporudi, macho ya mama yalikuwa yanafifia. Daktari aliita ugonjwa huo presha ya macho, akasema kilichopotea hakitarudi, matone yatalinda kilichobaki. Mama aliweza kuona mwanga wa mlango, na mtu alimwona kama nguzo inayotembea. Maandishi hayakumfikia tena. Siku nilipotundika fremu ile alinyoosha mkono, akapitisha kiganja juu ya kioo, akasema, "Laini." Basi.

Hilo lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimevuka bara na bahari, nimepata nilichopata, na aliyenizaa hakuwa ameona hata kimoja kwa macho yake. Aliniambia kwamba katika rangi zote, nyekundu ndiyo iliyokuwa bado inamjia, kwa mbali, kama kaa la moto chini ya majivu. Nikaamua kwamba kabla nayo haijazimika, ataona tunda nililolikuza mimi.

Kule nilikosoma, wazee hula goji kwa ajili ya macho. Mimi ni mtaalamu wa bustani, si daktari, na sikumdanganya mama.

"Sasa kama si dawa, ni ya nini?" aliniuliza.

"Ya kuiona, mayu," nilimjibu, nikimwita kama tunavyowaita mama zetu kwa Kinyamwezi.

"Kuiona tu?"

"Kuiona tu. Tunda lake ni jekundu."

Alicheka. "Haya, mwana wane. Panda."

Mbegu nilizitoa ndani ya matunda makavu niliyokuja nayo. Ni ndogo, za manjano, zinapeperuka mtu akipiga chafya. Nilizisia kwenye kitalu kilichofunikwa nyasi, kama baba alivyokuwa akisia tumbaku, maana goji na tumbaku ni za ukoo mmoja, pamoja na nyanya. Mvua za kwanza zilipoanguka nikahamisha miche. Udongo wetu ni kichanga, na hilo goji haichukii. Inachochukia ni maji yaliyotuama, kwa hiyo nilipanda kwenye matuta. Majivu ya jikoni niliyatia, samadi nikaitia kidogo, kwa sababu mti ukinenepa huzaa majani na kusahau matunda. Mchwa walikula miche kadhaa. Iliyobaki niliisimamishia vijiti, nikakata machipukizi ya pembeni nikaacha shina moja moja. Majirani waliokuja kutazama waliondoka wakitikisa vichwa.

Mmoja hakutikisa kichwa, alitukana. Huyu alikuwa Mzaramo, mjane wa fundi wa reli, aliyefika Tabora akiwa mwari na hakurudi tena Pwani. Alikuwa rika la mama, na tangu enzi za misafara Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walibeba mizigo mpaka kwao, wao wakatucheka, sisi tukawacheka, na mpaka leo hakuna upande unaoruhusiwa kukasirika. Aliingia uani akiwa na bakuli la maandazi aliyomletea mama.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. We Mnyamwezi, babu yako alibeba pembe za ndovu kuzipeleka Pwani. Wewe umekwenda China yote hiyo, umebeba miiba?"

"Afadhali mimi nimebeba. Nyinyi mlikaa chini ya minazi mnapiga ngoma, mnangoja kututoza."

"Na tuliwatoza! Mkarudi kwenu mmevaa kaniki!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Wawili hao walikaa barazani kila asubuhi, na sikuwahi kujua walikuwa wakizungumza nini.

Nyumba yetu iko kando ya njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Miembe iliyopangana kandokando ndiyo alama iliyobaki. Watu wa misafara walikula embe, wakatupa kokwa, na leo hakuna anayeuita mwembe mgeni. Nilikuwa nikiwajibu hivyo waliocheka. Nilisema, nami nimeleta changu.

Mwaka wa pili, mvua zilipokata, miti ilitoa maua madogo ya zambarau, kisha matunda ya kijani, kisha siku moja nikaona wekundu. Nilimshika mama mkono, nikamketisha kwenye kigoda mbele ya tawi lililozaa kuliko yote. Jua lilikuwa linatokea nyuma yetu, nimelipima. Akanyoosha vidole kulitafuta tunda.

"Usiliguse, mayu," nikamwambia. "Goji mbichi haitaki kushikwa. Ukiiminya kidogo tu inageuka nyeusi. Kule hatuchumi, tunatikisa tawi, matunda yanaangukia kwenye chandarua. Litazame tu."

Akarudisha mkono mapajani. Akauelekeza uso kwenye tawi.

"Umeliona?"

"Nimeliona, mwana wane. Jekundu."

Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya mahafali. Niliyakausha matunda ya msimu ule kivulini, nikaanza kuuza pakiti ndogo mjini, na kila mteja nilimweleza kwamba mama yangu aliyaona.

Mama hakumaliza kiangazi kilichofuata. Alipata homa ya mapafu, tukampeleka hospitali, na wiki haikuisha tukamrudisha nyumbani kumzika kando ya baba, nyuma ya nyumba, si mbali na miti yangu. Sikulia. Mimi ndiye niliyeagiza turubai, mimi niliyesimamia jeneza, na watu walinisifu kwamba nimempa mama maziko ya heshima. Nilizipokea sifa hizo. Zilikuwa haki yangu.

Kabla mchungaji hajaanza ibada, mlango wa nyumba ulifunguka akatoka mtani wetu, yule Mzaramo. Amejifunga kanga ya mama, ameshika mkongojo wa mama, amefumba macho. Alikuja akipapasa hewa, kichwa kakiinamisha upande, vilevile kama mama alivyokuwa akitembea. Wanawake kwenye mikeka walianza kucheka huku wakilia.

"Niachieni njia," alisema kwa sauti ya mama. "Naenda kuona tunda la mwanangu. Mwanangu ana diploma, jamani, imo kwenye kioo. Nimeishika. Laini!"

Watu wakaangua kicheko.

"Ananiuliza, 'Umeliona, mayu?' Namwambia, 'Nimeliona, jekundu!' Uongo mtupu! Sikuona hata ukucha wangu! Ningeliona kwa kitu gani, na mkono amenikataza?"

Nilisimama. Baba mdogo, ndugu wa baba yangu aliyekuwa ameketi kando yangu, akanivuta shati. "Keti. Mtani hazuiwi msibani."

"Lakini ningemjibuje?" Mtani sasa alikuwa amefika kwenye miti yangu. "Mtoto kavuka bahari, kaleta tunda, nimwambie naona giza? Nikasema jekundu. Mbona aliniambia mwenyewe kwamba ni jekundu?" Akakamata tawi, akalipitisha kiganjani toka juu hadi chini, miiba na yote, akayatia matunda mdomoni. "Njoo unikataze sasa! Mwenye diploma, njoo!"

Nilikwenda. Sijui nilitaka kumfanya nini. Nilipomfikia alifumbua macho, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Alisema hivyo kweli?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Alisema, barazani, tukiwa wawili. Akanikataza nisikwambie angali hai." Akaufuta mdomo kwa kanga. "Haya, si ameshakufa?"

Hapo ndipo nililia, mbele ya watu wote, kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakuna aliyeninyamazisha.

Tulipokwisha kufukia kaburi, mtani alivunja tawi la goji akalichomeka kichwani pa kaburi. Wazee wa ukoo wakalalamika kwamba kaburini hapapandwi miiba. Akawauliza, "Nani kati yenu atang'oa alichopanda mtani?" Walitazamana, na hakuna aliyeligusa. Alikuwa amelichomeka vibaya, kiangazi kikali, na majani yote bado yapo. Nikayapunguza majani, nikawa namwagilia kila jioni. Likashika.

Mti ule umenipita kimo sasa. Miti mingine naipogoa kama nilivyofunzwa, natikisa matawi yake kwenye chandarua, na goji yangu kavu ni safi. Njooni muione, sioni haya kujisifu. Huu wa kaburini siupogoi wala siuvuni. Wanaokuja kumsalimia mama huyashika matunda yake, huyabonyezabonyeza, na simkatazi mtu. Mtani huja na kigoda, akakaa pale akinitukana kwa sauti ili mwenzake asikie.

Nami nikimaliza kumwagilia hufumba macho, nikapapasa tawi mpaka nipate tunda moja, nikaliminya kidogo. Ni laini, lina joto la jua la mchana kutwa. Kesho yake nikipita nalikuta limegeuka jeusi, kama nilivyofundishwa.