Nilifunga Maji ya Watu Nikiwa Uchi

Nilikosea. Hilo neno naliandika mapema nisije nikalikimbia, maana wanaonijua kule Katangi watawaambia sijawahi kulitamka kwa mdomo. Jina sitoi. Waliowahi kununua maji kwa punda wangu watanijua tu, na wanyamaze.

Shule niliiacha mapema. Nilianza na punda mmoja mkaidi na mitungi, nikichota mtoni na kuuza sokoni. Leo niko na kisima cha kuchimbwa kwa mashine, niko na maboza ya kusambaza maji, niko na nyumba ya ghorofa Mumbuni. Hakuna mtu wa digrii atanifunza maji. Shika hapo, kwa sababu ndipo nilipoangukia.

Binti yangu Mwende alienda Japani kusoma, akapata bwana huko, kijana anaitwa Daiki. Kijana hana neno. Anainama mpaka unadhani ameangusha kitu. Lakini kwetu Wakamba, mpaka watu wa bwana walete mbuzi za ntheo nyumbani, huyo mwanamke bado ni wa kwa baba yake, hata akae na mume mpaka meno yaishe. Na mbuzi haziletwi na kijana peke yake kama anazipeleka mnadani. Baba yake lazima aje.

Baba ya Daiki, Mzee Haruo, alikuwa amekataa. Ndege anaogopa, kwetu Machakos hakujui, umri umeenda. Mwende akalia kwa simu. Nikamwambia, "Mami, wacha kulia. Mzee haalikwi kwa simu. Nakuja mwenyewe."

Nikaenda. Haruo akanipokea vizuri, na kesho yake akasema, Mwende akitafsiri, kwamba anataka kunipeleka nyumba ya kuogea ya mtaa wao. Ameoga hapo tangu utoto. Wanaume wote wa mtaa huingia maji mamoja, ya moto, na kuongea.

"Baba, hiyo ni heshima," Mwende akanieleza. "Huku mtu akikupeleka mkaoge pamoja, amekukubali. Mkitoka hapo ukimwambia mambo ya ntheo, hawezi kukataa. Lakini kuna masharti yake, wacha nikuambie."

"Masharti ya kuoga?"

"Ni kidogo tu, Baba."

"Mimi nimeogesha Katangi nzima. Utanifunza kuoga?"

Akachukua taulo, tukaenda. Ai, hicho kinywa changu.

Kufika, wanawake wana mlango wao na wanaume wana wao. Katikati kuna ukuta, lakini haufiki juu, kwa hivyo mtu wa huku anasikia wa kule. Mwende akaingia kwa wanawake. Mimi na Haruo tukaingia kwa wanaume, na hakuna lugha kati yetu.

Mzee akavua. Sio shati, wenzangu. Kila kitu.

Sasa wewe ambaye si Mkamba nisikilize. Haruo ni muthoni wangu, watoto wetu wameoana. Muthoni ni mtu wa nthoni, yaani haya na heshima. Hata kiti chake huruki. Kumwona uchi ni jambo la kuchinjiwa mbuzi ndio litakasike. Nikageukia ukuta haraka na hapo nikabaki.

Mama mmoja mzee, mwenye hiyo nyumba, alikuwa amekaa juu ya meza yake akiona upande wa wanaume na wa wanawake bila wasiwasi. Akaonyesha chupi yangu kwa kidole, akatikisa kichwa. Nikavua. Kofia nikabaki nayo. Hakuna aliyenikataza kofia.

Nikaingia ndani nikijipapasa kando ya ukuta kama mwizi wa kuku. Wengine walikuwa wamekaa kwa vistuli wakijisugua kwanza. Mimi nikapita moja kwa moja hadi kwenye dimbwi. Maji ya kunyonyolea kuku! Nikaingia hivyo hivyo, sikutaka kuonekana mwoga, nikakaa nikiangalia ukuta. Nyuma yangu nikasikia Haruo naye akiingia, akiwaambia wenzake kitu, na katikati ya maneno yao nikasikia "Machakosi." Alikuwa anajivunia mimi.

Hapo ukutani, mbele ya macho yangu, palikuwa na bomba na valvu ya gurudumu jekundu. Maji yalikuwa yanaingia bila kusimama, dimbwi limejaa, yanafurika ukingoni na kuingia kwa mtaro. Maji safi. Ya moto. Yanaenda tu.

Nikajaribu kuangalia kando. Kando kuna uchi wa muthoni wangu. Nikirudi mbele, maji yanamwagika. Mimi nimezaliwa na mama aliyekuwa anafukua mchanga wa mto uliokauka, anangoja maji yachuruzike, anateka kikombe kwa kikombe. Nikavumilia kadiri nilivyoweza. Kisha nikanyoosha mkono nikafunga.

Nilifunga vile nafunga boza langu, mpaka mwisho. Nikatulia. Nilidhani watanishukuru.

Kidogo nikasikia kelele upande wa wanawake.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Mwende, juu ya ukuta.

"Eeh."

"Huku maji yamekatika. Watu wako na sabuni machoni. Uko karibu na kitu?"

"Hayajakatika. Nimeyafunga."

"Umefanya nini?"

"Yalikuwa yanamwagika, mami."

Akasema polepole vile mtu huongea na ng'ombe aliye barabarani. "Baba. Fungua."

Nikazungusha. Gurudumu likakataa. Nikaongeza nguvu, na nguvu ninazo, na gurudumu likatoka likabaki mkononi mwangu.

Yule mama mwenye nyumba akaingia mbio katikati ya wanaume uchi, na hakuna aliyeshtuka ila mimi. Nikasimama. Kofia ikashuka kufanya kazi nyingine, gurudumu likaisaidia. Nikafunga macho kabisa. Nikasikia kitu kimeanguka sakafuni, pu, na sauti ya Haruo, ya chini, ikirudia neno moja. Nilidhani anawaeleza mimi ni nani.

Siku hiyo nyumba ilifungwa. Fundi aliitwa. Nje, Mwende alikuwa amefunga kitambaa kichwani, povu bado linamtoka masikioni.

"Unajua mzee amefanya nini humo?"

"Sikuangalia. Nthoni."

"Amepiga magoti, Baba. Uchi. Ameweka paji la uso sakafuni akamwomba msamaha huyo mama na kila mtu, kwa ajili yako. Hao ni majirani zake wa maisha." Akaangalia barabara. "Nilitaka watu wa huku wajue ninakotoka. Sasa wamejua."

Wenzangu, nimeshawahi kuibiwa, punda wangu wameshawahi kufa kwa kiangazi. Hakuna kilichoniuma kama hayo maneno. Nyumbani Haruo alikula bila kuinua macho. Nikamwomba Daiki, kupitia Mwende, amuulize habari ya kuja Machakos. Jibu likaja: "Anasema tutaona." Mimi ni mfanyabiashara, "tutaona" naijua.

Asubuhi nikamwambia Mwende, "Mami, nifundishe hayo masharti." Akanifundisha, hata kwamba maji hufurika makusudi ili yabaki safi, mimi nimekaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia anifundishe na neno lao la msamaha. Nikalirudia mpaka Daiki akaomba nipumzike.

Nyumba ya kuogea ilipofunguliwa tena, nilirudi na Mwende. Kofia nikampa yule mama, nikainama mbele ya meza yake, nikasema lile neno. Nikavua, nikajisugua kwanza kwenye kistuli, halafu nikaenda hadi ukingoni mwa dimbwi, walipokuwa wazee wote na Haruo, nikapiga magoti sakafuni. Macho wazi, maana uliyemkosea unamwangalia, nthoni ikapumzike kidogo. Nikasema neno langu.

Kuinua kichwa, naona mgongo. Haruo alikuwa ameugeukia ukuta, ameteremsha kitambaa kidogo ambacho wazee wa huko huweka kichwani wakioga, kikafunika macho. Mwende alikuwa amemweleza mambo ya muthoni. Amenisikia nikipiga magoti, na amekataa kuniona. Akawaambia wenzake kitu kifupi, nao wakageuka mmoja mmoja. Dimbwi zima la wazee, kila mmoja na ukuta wake.

Nikaingia, nikautafuta wangu. Maji yalikuwa yanafurika vile vile, yanaingia mtaroni. Nikayaacha. Iliniuma, sidanganyi.

Baada ya muda Haruo akaongea na ukuta wake. Mwende, kule upande wa pili, akatafsiri, na nikasikia anajizuia asicheke.

"Baba, anauliza, mbuzi hushikwa wapi ndio asikukimbie?"

"Mwambie pembe. Na mguu wa nyuma."

Atakuja mvua ikiisha.

Wewe mzee mwenzangu uliyejitafutia mali bila shule, mtoto wako akikuambia masharti ni kidogo tu, kaa chini usikie. Ukienda kwa watu na ukaona maji yao yanamwagika, yaache yamwagike mpaka uulize. Mimi kofia yangu haikurudi. Mwende anasema yule mama ameitundika ukutani, juu ya valvu mpya. Sijaiulizia.