Dada wa Bibi, Kisiwani Ugiriki

Mwaka 2016 nilikuwa namtunza bibi mmoja Mgiriki pale Kensington, Johannesburg. Alizaliwa kwetu Tanga, kwenye shamba la mkonge la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu hasa. Wakongo wa saluni ya jirani walipomcheka anavyosema, niliwaambia wakae wajifunze kwake.

Mwaka huo alinichukua twende Ugiriki, kwenye kijiji cha pwani kisiwani alikoishi dada yake mkubwa, waliyekua naye Tanga. Walikuwa hawajasemezana miaka thelathini, kwa kuwa Bibi hakwenda kumzika mama yao. Sasa alitaka msamaha kabla hajafumba macho.

Kijiji kilinipendeza, sitasema uongo. Watalii walijianika mchangani kutwa kama dagaa, pweza walining'inia kwenye kamba nje ya mikahawa, na huko kilimani mbuzi walitafuna majani ya mizeituni. Kila asubuhi Bibi alijipaka poda, akashika mkoba, akafika kona ya nyumba ya dada yake, akageuka. Leo miguu inauma. Leo atakuwa kalala. Siku ya tano nikamwambia, "Bibi, mimi sikupanda ndege kuja kutazama kona."

Tukaenda mpaka mlangoni. Tulikubaliana nigonge tu, nisiseme neno, ili dada mtu afungue kabla hajajua ni nani. Lakini mtu wa Tanga ukimsimamisha mbele ya nyumba ya watu, mdomo hutangulia. Nikasema, "Hodi."

Bibi akanifinya mkono. Kutoka ndani sauti ya kikongwe ikaitika upesi, bila kufikiri, "Karibu."

Alifungua mwenyewe, mikono imejaa unga. Alipomwona mdogo wake uso ukamkunjamana.

"Shikamoo, dada," Bibi alisema.

Hakuitikia. Alitutazama, akatazama barabara, akashusha pumzi. "Nimeshasema karibu," alisema kwa hasira. "Basi ingieni."

Marahaba ilikuja baada ya kahawa, kwa sauti ndogo, na hapo wote wawili wakalia.

Bibi alibaki kwa dada yake, hakurudi tena Johannesburg. Nilirudi peke yangu, nikamfungashia nguo na picha zake, nikalia njia nzima ya kwenda posta. Wenzangu wakiniuliza Ugiriki kukoje, nawaambia ni kuzuri, ila kulininyang'anya bibi yangu.