Maneno Matatu Kizimbani

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na tangu ulipoleta barua yako ya uhakimu imekuwa ikinirudia kila nikikaa. Sogea hapa. Mama yako anaijua nusu tu.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Tabora, kijana wa mtaa wa Ipuli, suruali imenyooshwa kwa pasi, maringo tele. Ikaja kesi ya mauaji. Aliyeuawa alikuwa mnunuzi wa tumbaku, kipenzi cha watu, na mji mzima ulikuwa umeshamhukumu mshtakiwa, mrina asali mmoja wa kijiji cha Ipole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Watu walijaa mpaka madirishani. Nami nikajiona bwana mkubwa.

Wakili wa serikali akamwuliza siku ya mauaji alikuwa wapi, na nani. Mshtakiwa akapiga makofi taratibu kwa adabu, akaanza kujieleza kwa Kinyamwezi, akizunguka, akimeza mate, macho chini. Alikuwa juu ya paa, akimwezekea nyumba yule mama… yule wa kustahiwa… Watu wakacheka. Nikaona ananipotezea muda, nikafupisha: "Hawezi kumtaja, Mheshimiwa."

Ukumbi ukalipuka. "Muongo huyo! Anyongwe!"

Jaji, mzee wa pwani asiyejua Kinyamwezi hata salamu, akaweka kalamu chini. Hakugonga meza, hakufoka. Akangoja mpaka wakanyamaza wenyewe. Kisha akaniambia kwa upole, "Kijana, mwenzako amesema mpaka jasho limemtoka. Wewe umenipa maneno matatu. Mengine yako wapi?"

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba arudie, nikatafsiri yote, na hapo ndipo nilipomsikia kweli. Alikuwa kwa mama mkwe wake, na Mnyamwezi wa kijijini halitamki jina la mkwewe hata shingo yake ikiwa hatarini. Mimi Mnyamwezi mwenzake nililijua hilo toka utotoni! Tena hata wakili wa kumtetea alikuwa akizungumza naye kupitia kwangu, hivyo hakuwa na mdomo mwingine.

Siku hiyohiyo jaji aliniita ofisini, akanimiminia chai kwa mkono wake. "Nusura tumwue mtu," akasema, "mimi na wewe." Hakusema wewe peke yako, mwanangu. Nililia kama mtoto.

Mama mkwe akaletwa, pamoja na majirani waliomwona mkwewe juu ya paa kutwa nzima siku ile. Mtu akaachiwa. Nje watu walimtukana jaji, naye akapita akiitikia salamu za wachache waliomwamkia.

Yule mzee anayetuletea asali tangu nilipostaafu, unayempa shikamoo pale mlangoni, ndiye huyo. Anadhani mimi ndiye niliyemwokoa. Sijapata ujasiri wa kumwambia.

Basi sikiliza, binti yangu. Watu wakipiga kelele, wewe weka kalamu chini. Anayejikanyaga usimwone muongo kabla hujajua anachostahi. Na ukikosea, na utakosea, sema mapema, usije ukazeeka nalo kama baba yako.

Nenda, mama. Mungu akupe masikio ya mzee yule na upole wake, akulinde na maringo yangu. Na mzee wa Ipole akija tena na asali yake, nitamwambia ukweli. Ila uwepo, ukae hapa pembeni yangu.