Jiaozi za Tong Fengxia Kwenye Buti la Gari

Huyu ni Tong Fengxia, binti wa Tong Wanlu, yule aliyevusha magogo juu ya mto ulioganda huku amelala usingizi, farasi akijua njia peke yake. Na mjukuu wa bibi aliyemfukuza mbwa mwitu kwa ufagio, kisha akarudi ndani kumalizia kushona kiatu. Yeye mwenyewe Fengxia alishika msumeno wa kiwanda cha mbao kule Tieli, kaskazini mwa China, tangu usichana mpaka kustaafu, na vidole vyake vyote vipo, asiyeamini aje ahesabu. Mwanawe wa pekee, Luan Jihong, alimzaa siku theluji imeziba mlango, mkunga ikabidi apitishwe dirishani. Mimi Fengqin ni mdogo wake wa tumbo moja. Siku hiyo mimi ndiye niliyemvuta mkunga miguu.

Jihong alipokua akaenda kutafuta maisha kusini, mwisho kabisa wa nchi, kisiwa cha Hainan, ambako watu hawajui theluji ila kwenye televisheni. Akawa fundi wa vigae, akaoa binti wa huko huko, Meiqiong, akakaa miaka kumi. Kila majira ya baridi dada akikohoa, mtoto anapiga simu.

"Mama, uza hiyo nyumba. Njoo uishi huku, mapafu yapumzike."

"Nyumba ina kitanda cha matofali alichojenga baba yako kwa mikono yake. Nikibebe mgongoni?"

Mwaka huu walibishana mpaka simu ikawa moto sikioni. Mwisho dada akasema hivi: "Nakuja kutembea huko sikukuu ya mwaka mpya, mimi na mama yako mdogo. Nakuja na jiaozi zangu, za kabichi chachu ya pipa langu. Mkesha wa mwaka tukizila hizo hizo, hapo kisiwani, nyumba haiuzwi na hutaitaja tena. Zikiharibika kabla, uza, na mimi nahamia kwako bila neno."

Jihong akacheka. "Mama, huku ni joto la kukaangia yai."

"Wewe kubali tu."

Akakubali.

Basi tukakanda unga, tukakunja jiaozi, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama na kabichi ndani, usiku na mchana, tukazipanga kibarazani. Kwetu ukitaka kitu kigande unakitoa nje, basi. Nje ndiyo friza. Nyama iko nje, samaki yuko nje, mapeasi yako nje yameganda meusi kama makaa, na mwenye gari anaweka kwenye buti. Hakuna anayefikiri, mkono unajua wenyewe. Jiaozi zikawa ngumu kiasi kwamba moja ilipomwangukia paka, paka alituhama. Tukazijaza mfuko mkubwa wa nailoni, tukauzungushia koti la dada la manyoya, tukautia sandukuni, tukapanda ndege.

Tulipotua, dada alifungua sanduku pale pale mbele ya watu, akachomeka mkono ndani ya koti. "Mawe!" akasema. "Mawe matupu!" Abiria mmoja akasogeza watoto wake pembeni.

Jihong alikuwa anatungoja na gari la kukodi, maana mpango ulikuwa kuzunguka kisiwa kizima kabla ya mkesha. Akamkumbatia mama yake, akanisalimu mimi, "Shikamoo mama mdogo," akaupokea ule mfuko, akauweka kwenye buti, akafunga. Dada aliona. Mimi niliona. Tukaridhika kabisa. Meiqiong peke yake alibaki amesimama nyuma ya gari anatazama buti, halafu anatutazama sisi, halafu buti. Baadaye aliniambia alidhani ni jiaozi za aina yake, na watu wa kaskazini wanazijua wenyewe.

Tukaenda baharini. Tukanywa madafu. Dada alikataa kuvua soksi za sufu, akatembea nazo majini mpaka magotini, akasema bahari ni kama supu iliyozidishwa chumvi. Jua lilipotulemea tukarudi garini kuchukua mitandio ya Meiqiong tujifunike kichwa, Jihong akafungua buti.

Hapakuwa na jiaozi. Palikuwa na jiaozi. Moja. Kubwa kama godoro la mtoto, imejaza buti kona kwa kona, na katikati imechukua umbo la gurudumu la akiba.

Tukasimama wote wanne.

"Mama," Jihong akasema taratibu, "nyumba imekwenda."

"Haijakwenda popote."

"Mama, hiyo ni nini?"

"Jiaozi."

"Hiyo ni matandiko!"

"Imelegea kidogo. Kitu kikilegea kinagandishwa. Tafuta baridi."

Hapo ndipo matembezi yetu ya kisiwa yalipoanza kweli kweli. Watu wengine walikwenda kuona misitu na maporomoko ya maji. Sisi tulizunguka na godoro la unga tukiomba baridi. Hoteli ya kwanza ilikuwa na friji ya kuingia soda mbili. Muuza aiskrimu alimfukuza dada alipoanza kumtolea bidhaa nje bila kumuuliza. Jihong akawa anaendesha huku anacheka peke yake, na kila tukipita mnazi anasema, "Mama, chagua chumba chako, cha dirisha la bahari au la barabara?" Nilimwona dada amekazana kukandamiza mfuko wa barafu ya kuomba juu ya kile kitu. Utani ulikuwa wa mtoto. Kwa dada palikuwa na kitanda cha marehemu mumewe mle ndani ya buti.

Meiqiong ndiye aliyesema, "Mjomba wangu ana ghala la barafu bandarini Lingshui. La samaki."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Mama, hakuna aliyeniuliza kitu tangu uwanja wa ndege."

Mzee Fu, huyo mjomba, alikuwa mtu mkavu wa kandambili. Akaitazama jiaozi. Akauliza ni mnyama gani. Alipoambiwa, akafungua mlango wa ghala, baridi ikatoka kama moshi, na dada yangu, mwanamke aliyeambiwa avuke nchi nzima kukimbia baridi, akafumba macho akaivuta puani. Akavaa koti lake la manyoya, akaketi juu ya kreti la samaki karibu na jiaozi yake, hakukohoa hata mara moja.

"Shemeji," Mzee Fu akasema, "hapa huwa namwadhibu kijana mvivu kwa kumfungia kidogo."

"Nifungie," dada akasema.

Na kisiwa kile majira hayo kimejaa wazee wa kwetu kama mchwa, waliohamishwa na watoto wao. Sijui nani alipeleka habari. Kesho yake palikuwa na foleni mbele ya ghala: wazee wa kaskazini, jua la kuchoma, kila mmoja na koti la manyoya mkononi, wanangoja zamu ya kwenda kukaa kwenye baridi. Bibi mmoja alikuja na mapeasi. Mzee mmoja alitoka kope zimeshika barafu, analia, anasema amefika nyumbani. Samaki wa Mzee Fu wakahamishiwa kona moja kupisha wageni.

Mkesha ukafika. Jiaozi ilikuwa imeganda, lakini ni ile ile moja, ngumu kama ubao wa mlango.

"Sasa utaichemsha wapi?" Jihong akauliza. "Kwenye bwawa la hoteli?"

Dada akamgeukia Mzee Fu. "Ule msumeno wako wa kukatia barafu, unakata?"

Akakunja mikono ya koti. Akaisukuma jiaozi kwenye msumeno kama alivyosukuma magogo maisha yake yote, na ikatoka vipande sawasawa, mbao nyembamba, ndani unaona kabichi na nyama kwa mistari kama pete za mti. Wazee wakapiga makofi. Mke wa Mzee Fu akazipika kwa mvuke kwenye chungu cha samaki.

"Hizo si jiaozi," Jihong akasema, vijiti vya kulia vimeshaingia mdomoni. "Hizo ni mbao. Mjomba, amua wewe."

"Mimi sijawahi kula," Mzee Fu akasema akiongeza kipande. "Kama ndivyo zilivyo, ziko vizuri."

"Mama, tuseme kweli, ziliharibika siku ile ile."

Dada akaweka vijiti chini. "Nani aliziweka kwenye buti?"

Jihong akamtazama mama yake, kisha mimi.

"Mimi? Mama yako mdogo? Miaka kumi uko kwenye joto hili, unabandika vigae, unakula nazi. Ulipoupokea mfuko mkono wako ulikwenda wapi wenyewe, bila kuuliza mtu?"

Akatazama mkono wake. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamgeukia njiani, akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia samaki, jambo ambalo lilikuwa kosa jingine. "Kwenye buti," akasema.

"Basi mimi siuzi nyumba ambayo wewe bado unaishi ndani yake. Kukohoa nitakuja kupumzikia huku, kwa Mzee Fu, nikishalipia kwa kumkatia barafu."

Akachomoa kwenye mfuko wa koti kigongo chake cha kusukumia unga, alichopewa na mama mkwe wake, akamwekea Jihong juu ya sahani.

"Mwakani, kabichi ikishavunwa, utapanda kaskazini wewe na Meiqiong kujaza pipa. Unga utakanda wewe. Na mfuko atabeba Meiqiong."