Binti Radi Katika Ngolo za Otilia

Urbani alipozikwa, mkewe Otilia alisimama kando ya kaburi akatamka mbele ya watu kwamba katika ua wake pombe haitapikwa tena. Watu walidhani ni uchungu wa msiba, na uchungu hupoa. Walikosea. Mwanamke aliyeuguza ini la mumewe mpaka likamwua anajua anachokisema.

Lakini kwa Wamatengo wa Mapera neno kama hilo lina gharama. Mteremko haulimwi na mtu mmoja. Wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo, mundu wa kufyekea, na kuzilaza kwa mistari inayokatana kama wavu. Wanawake huja nyuma yao na majembe, wakachimba katikati ya kila jicho la wavu na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Ndizo ngolo, mashimo yanayoshika maji ya mvua ili mlima usiteremkie mtoni. Majirani huitwa kwa ngokela: wanakuja, wanalima, mwenye shamba anawanywesha. Kwa asiyepika pombe haji mtu. Ndivyo walivyozoea, na mazoea yakikaa sana hujiita sheria.

Msimu wa kwanza baada ya msiba, mteremko wa Otilia ulilala. Mwaka uliofuata, Februari ilipoingia, aliitwa kwenye sengu, baraza la ukoo ambako wanaume hula pamoja na kukata mashauri. Aliyesema ni Ignatio, kaka mkubwa wa marehemu.

"Shemeji, hatukufukuzi. Nyumba ni yako na kahawa ni zako. Lakini shamba la ukoo halilali misimu miwili. Maharage ya Machi yakipita hujapanda, nitampa mdogo wetu Cuthbert alime."

"Nimesikia, shemeji."

"Pika debe moja tu la komoni. Nani atakulaumu?"

"Flavia atanilaumu," akajibu Otilia. Flavia ni binti yake, anasoma sekondari Kigonsera, na maharage ya mteremko ule ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha.

Akatangaza ngokela ya makande na togwa. Wakaja wawili: Gertrude, jirani wa ng'ambo ya kijito, na Lidia, Mnyasa wa Liuli aliyeolewa Mapera, ambaye mpaka leo huishika nyengo kama anaogopa itamng'ata. Stephano, mume wa Gertrude, alipita njiani mikono mfukoni.

"Mama Flavia, togwa ni ya watoto wa ubatizo," alisema. "Mgongo wangu hauinami bila kitu kikali."

"Uinamishe kanisani basi, baba," Lidia akamjibu. "Huko nako tunakuona umenyooka tu."

Wanawake watatu wakafyeka wenyewe. Walipopumzika, Otilia akaona haya: amewaita watu na hana cha kuwachangamshia. Akatoa kwenye kikapu kitu alichokuwa nacho tangu darasa la sita, toleo moja la *Majasiri*, gazeti la hadithi za picha alilonunuliwa na kaka yake mjini Songea mwaka 1994. Ndani yake mlikuwa na hadithi tatu za mashujaa, kila moja na mchoraji wake: Binti Radi, aliyekamata umeme wa mawingu kwa kiganja, Sumaku, fundi gereji aliyevuta vyuma kwa kuvinyooshea kidole, na Askari wa Ukungu, ambaye risasi zilimpita kama zinavyopita moshi.

Akawasomea ya Binti Radi, akiwaonyesha picha. Majambazi wamekata kamba za daraja, basi la abiria linaning'inia, Binti Radi ananyoosha mkono juu, na mbingu ni nyeupe, haina hata wingu moja. Hapo ukurasa ukaisha.

"Halafu?" Gertrude akauliza.

"Imeandikwa itaendelea. Toleo la pili sijaliona mpaka leo. Gazeti lilikufa."

"Umetulisha mfupa, Mama Flavia. Na hao wengine wawili?"

"Hao kesho, tukirudi kazini."

Kesho yake wakaja saba. Gertrude alikuwa amelisimulia basi lile kisimani, na wenzake walitaka kuliona kwa macho. Siku ya Askari wa Ukungu wakaja na wanaume, akiwemo Stephano, aliyedai amemletea mkewe jembe. Alipoambiwa kwamba wasikilizaji ni wale waliofyeka, aliitazama nyengo kwa muda, akaishika. Mgongo wake ukainama vizuri sana.

Ila gazeti lilikuwa moja, na mteremko ulikuwa bado nusu. Hadithi ya tatu nayo ilikatika pale pale utamu ulipofika. Otilia aliona njia rahisi: atunge mwendelezo, aseme ndivyo alivyosoma zamani. Nani angejua? Angejua yeye, na hilo lilimtosha. Aliyekataa pombe kwa kinywa kipana hawezi kununua kazi ya watu kwa uongo. Asubuhi, kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini, akawaambia.

"Yaliyochapwa yameisha. Nikiendelea leo, nasema yangu. Anayetaka kurudi nyumbani arudi, sitamnunia."

Wanaume wawili wakazifuta nyengo zao kwenye nyasi, tayari kuondoka. Otilia akautazama mteremko uliobaki, akashika jembe lake.

"Basi ni uongo," Stephano akasema.

"Hata yale yaliyochapwa kuna mtu aliyatunga," Gertrude akamwambia mumewe. "Ulimwona wapi mtu wa ukungu, wewe? Mwache Mama Flavia aseme. Akikosea tutamrekebisha."

Wale wawili wakabaki. Otilia akasema, na kweli wakamrekebisha. Lidia alitaka basi liangukie ziwani, maana wavuvi wa Liuli wangewaokoa abiria bila radi yoyote. Otilia akamleta Binti Radi milimani, radi imemwisha mkononi, mvua inabomoa kijiji. Ikabidi Sumaku aje kumsaidia, nao wakachimba ngolo pamoja.

"Hapana," wanawake wakasema karibu kwa sauti moja. "Sumaku afyeke. Jembe ni la binti."

"Hata mwenye radi?" Stephano akauliza.

"Akifika huku, hata mwenye radi."

Wakacheka, wakabishana, na kila mbishi alikuwa na jembe au nyengo mkononi. Ignatio alipokuja Machi kukagua shamba la kumpa Cuthbert, alikuta kipande kidogo tu kimebaki juu, na watu wakigombana kuhusu mtu asiyemjua.

"Shikamoo, shemeji," Otilia akamsalimu.

"Marahaba. Umewapikia nini hawa?"

"Makande. Lidia ameongeza dagaa wa kwao."

Ignatio akanusa pipa la togwa, akaonja, akatafuta kosa, akalikosa. Stephano akampa nyengo. "Mzee, hapa hakuna anayesikiliza amesimama."

Akafyeka kipande kilichobaki, taratibu, akizilaza nyasi kwa unyoofu wa mtu aliyefundishwa na baba yake. Jioni, kwenye sengu, Cuthbert alipouliza ataanza lini, Ignatio alimega ugali kwanza.

"Lile lina mwenyewe," akasema. "Mbegu zake za maharage zinaloweshwa leo."